Swali la Ndani

Iddi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa uani kwangu hapa Chemchem, Tabora, nachambua mchele. Alisema, "Dada Vero, mama ametutoka," kisha akanieleza kwamba wanazika baada ya sala ya adhuhuri, nisijitese kukimbilia, nije taratibu, msiba bado upo. Nikampa pole, nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele kwa sababu nilikuwa nimeshaumwaga kwenye ungo. Nilistaafu mwaka juzi. Magoti yananiuma, macho yameanza ukungu, na watu niliowazika ni wengi kiasi kwamba kanga za msiba sizifungii tena sandukuni. Huu nao nilidhani ningeupokea kama mingine. Ah wapi. Mama Iddi alikuwa amebeba uongo wangu tangu mimi nina miaka ishirini na minne. Aliubeba mbele za watu, ukamvunjia ndoa, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nangoja siku nzuri ya kwenda kuusema. Sasa walikuwa wanamwosha, na mimi niko na ungo mapajani.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti cha tabibu wa meno, nikapokelewa katika hospitali ndogo ya misheni upande wa reli, hospitali ambayo siku hizi haipo tena. Majengo yake watu wanawekea magunia. Nilipewa miezi sita ya majaribio. Nilipanga chumba hapa hapa Chemchem, chumba chenye dirisha moja linalotazama choo cha jirani, kitanda cha kamba, na jiko la mkaa ambalo nililazimika kuliingiza ndani kila mvua ikinyesha. Jioni nilikula ugali na mlenda wa karanga, nikalala mapema, kwa sababu mikono ilikuwa inauma. Watu wanadhani kung'oa jino ni nguvu za mkono. Ni mgongo, ni shingo, ni kusimama umepinda tangu asubuhi huku mtu anakushika kiganja na kukuomba kwa Mungu wake na wako. Nilichoka mwaka ule kuliko nilivyochoka miaka yote iliyofuata, na nilichoka nikiwa na umri ambao mtu hajui bado kwamba uchovu unamfanyia mambo.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Mihayo, tabibu wa siku nyingi, mwembamba, mpole, mkono wake mwepesi mpaka wagonjwa wengine walikuwa wanauliza kama ameshaanza wakati jino liko tayari kwenye beseni. Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa benchi. Pale barazani palikuwa na benchi refu la mninga, na kila asubuhi, wagonjwa wakishakaa, mmoja wetu alisimama mbele yao akawasalimu kwa pamoja, wakaitikia kwa pamoja, kisha akawauliza kwa sauti: kuna mwenye kisukari hapa? Mwenye presha? Mwenye moyo? Mwenye kifafa? Mjamzito? Ambaye akijikata damu haikatiki? Na benchi zima lilijibu kila mara, hakunaaa, kama watoto wa darasa la kwanza. Basi karani alipita na muhuri, akagonga kadi zote: ameulizwa, hana. Dakika tano, watu thelathini. Bwana Mihayo alijivunia sana jambo hilo, na wageni wakija alikuwa anawaonyesha.

Nikifikiria sasa natamani kumfufua nimgombeze. Nani atanyoosha mkono mbele ya jirani, mbele ya mchumba, mbele ya mkwe, aseme mimi nina kifafa? Tabora mtu hata njaa yake haisemi mbele za watu, sembuse damu ya ukoo wake. Na zaidi ya aibu palikuwa na hofu: watu walishaambiana kwamba ukisema una ugonjwa mwingine unarudishwa nyumbani na jino lako, na mtu aliyepanda treni kutoka Kaliua, amekesha na shavu limevimba, harudi nyumbani na jino. Haki ya Mungu, Bwana Mihayo mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana kwenye karatasi ya utaratibu aliandika pia swali la pili. Tuliliita swali la ndani. Mgonjwa akishaingia, mlango ukishafungwa, unamuuliza tena peke yake, polepole, kabla hujagusa sindano ya ganzi. Siku za watu wachache niliuliza. Siku za watu wengi nilitazama muhuri.

Siku aliyokuja Iddi ilikuwa Jumatatu, na watu walikuwa wamejaa benchi mpaka wengine wamekaa sakafuni. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, fundi baiskeli, mrefu, ana grisi kwenye kucha, ameshika shavu la kushoto kwa leso. Alikuja na mama yake na shangazi yake kwa treni kutoka Kaliua, wakafikia kwa jamaa zao hapa mjini. Mama yake, Mama Iddi, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye shingo iliyonyooka, watu wa kwao walikuwa wapagazi wa njia ya Ujiji na nadhani kichwa kile kilirithi kubeba bila kuinama. Shangazi, Bi Tausi, dada wa baba yake Iddi, ndiye aliyekuwa msemaji. Ndiye aliyenisalimu, ndiye aliyetoa kadi, ndiye aliyenieleza jino linauma tangu lini. Baba yake Iddi alikuwa kazini reli ya Mpanda, haonekani nyumbani ila mara moja kwa mwezi, na Bi Tausi ndiye aliyesimama mahali pake. Siku hiyo benchi niliuliza mimi. Nikauliza habari ya damu isiyokatika, benchi likajibu hakuna, na Mama Iddi alikuwa ameketi bega kwa bega na wifi yake.

Ndani aliingia Iddi na mama yake tu, Bi Tausi akabaki nje. Nakumbuka Mama Iddi alisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja begani kwa mwanawe, akinitazama. Nilidhani ananitazama kwa sababu nilikuwa binti mdogo na anaogopa nitaharibu. Nilifungua kadi nikaona muhuri, nikavuta sindano. Gego la chini kushoto lilikuwa limeoza mpaka mzizini. Upande wa kulia nako palikuwa na jino jingine bovu, nikamwambia tutalitoa akirudi. Jino lilitoka vizuri, zima zima, nikafurahi. Akauma pamba, damu ikasimama, nikamwambia asisukutue mpaka kesho, nikaita mwingine. Mbona ilikuwa rahisi hivyo.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, waliletwa na kijana mmoja aliyemkalisha Iddi nyuma ya baiskeli, mama yake akikimbia pembeni na bakuli. Damu ilikuwa imeanza jioni ya siku ile ile ya kwanza, kidogo kidogo, wakaweka chumvi, wakaweka majani ya chai, wakaweka jivu, na wao wakidhani ni mambo ya kawaida ya jino. Kinywani mwake palikuwa na bonge jeusi kama ini, na kila tulipolitoa damu ilichuruzika tena, wala hairuki, inatiririka tu bila haraka. Midomo yake ilikuwa myeupe. Bwana Mihayo alisafisha, akashona, akajaza vitambaa vya gozi, akamkandamiza kwa kidole chake mwenyewe mpaka mkono ukamfa ganzi, tukapokezana. Daktari wa wodi akasema aongezewe damu. Aliyelingana naye kundi alikuwa Bi Tausi, na Bi Tausi alilala pale pale, akakunja mkono wa gauni, akamwambia nesi atoe anachotaka.

Mchana huo, Iddi akiwa amelala na damu ya shangazi yake ikimwingia, Mama Iddi alituita mimi na Bwana Mihayo nyuma ya pazia la wodi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu alipotiwa jandoni alitoka damu siku tisa. Kwamba kaka yake yeye, tumbo moja, alikufa jandoni vivyo hivyo, na mjomba wao kabla ya hapo. Mama yake mzazi alimwambia siku anachumbiwa, jambo hili lisivuke mlango wa kwetu, hawatakuoa wala hawataoa wadogo zako. Kwa hiyo Iddi alipotoka damu siku zile tisa, aliwaambia wakwe kwamba ngariba alikuwa na kisu kibutu, na ngariba yule maskini hakuitwa tena mtaani kwao. Alisema yote hayo kwa mfululizo, bila kulia, kama mtu anayetua mzigo. Hatukujua kwamba Bi Tausi alikuwa amekwisha kuinuka kitandani na yuko upande wa pili wa pazia.

Bi Tausi hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Mkuu wa hospitali, pamba ingali mkononi alipochomwa, akataka kujua kama hospitali inang'oa watu meno bila kuwauliza. Kesho yake tukaitwa ofisini, chumba kile chenye harufu ya dawa ya sakafu na kahawa ya Sista. Tulikuwa watano: Sista, Bwana Mihayo, mimi, Bi Tausi na Mama Iddi. Sista alisema swali la benchi analielewa, na mama mtu anaweza akaona haya mbele ya wifi yake, hilo lina udhuru. Anachotaka kujua ni swali la ndani. Akanigeukia. Nilikuwa na miezi minne ya majaribio, nimebakiza miwili. Bwana Mihayo alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema, "Nilimuuliza, Sista. Tulikuwa ndani, mlango umefungwa." Maneno yalitoka yenyewe, wala sauti haikutetemeka, na hilo la sauti kutotetemeka ndilo ninaloona aibu nalo mpaka leo.

Sista akamgeukia Mama Iddi, akamuuliza kama ni kweli. Mama Iddi alinitazama. Nje mtu alikuwa anavuta ndoo sakafuni na tukaisikia mpaka mwisho wa baraza. Kisha akasema, "Ni kweli. Aliniuliza, nikakataa." Bi Tausi akainuka pale pale. Alimwambia wifi yake neno moja tu, kwamba mbele yangu ungeficha ningekusamehe, lakini umefungiwa ndani na daktari, mtoto yuko kitini, na bado ukachagua jina la kwenu. Akatoka, na kuanzia siku hiyo hakuwahi kumwita tena wifi.

Nilimkuta Mama Iddi bombani, nyuma ya wodi, anasuuza lile bakuli. Nikasimama. Sikujua kama nimpigie magoti au nishike bakuli. Akasema bila kugeuka, "Hukuniuliza."

"Ndiyo, mama."

"Benchini nisingesema, wifi yangu yuko pale. Ndani ningesema. Nilijiandaa njia nzima. Nilisimama pale nikingoja uniulize, ukachukua sindano."

Nikaanza kulia, akaniambia ninyamaze, watu wanapita. Ndipo akanieleza, na alinieleza kama anayepanga bei ya kitu sokoni. Iddi bado ana jino jingine bovu, siku moja litavimba. Amewaona wenzangu wanavyopita mbali na kitanda chake. Hakuna atakayekubali tena kumtia koleo mdomoni. "Ningesema kweli, wangekufukuza leo. Ukifukuzwa, nani atamgusa mwanangu? Wewe unamwogopa kama wao. Lakini wewe huwezi kumkataa."

Basi tukawa hivyo. Alipanga chumba mlango wa tatu kutoka kwangu, akakaa Tabora na mwanawe mwaka uliobaki, kwa sababu hakutaka kuwa mbali na mimi jino litakapoamka. Asubuhi alikaanga maandazi akauza njia panda, mchana alinifungia chakula kwenye kitambaa nipeleke kazini, na mimi nilikula. Hilo nalo nalisema: nilikula. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, kisamvu, uji wa ulezi kwenye birika, asali aliyoletewa kutoka kwao Kaliua ambayo alimkataza Iddi kuigusa kwa ajili ya meno. Jioni nilikaa chumbani kwao kwenye kigoda, namulika taa mdomoni mwa Iddi, natazama fizi, namfundisha kupiga mswaki laini asijichubue. Iddi alikuwa mtu wa utani. Aliniita bosi wa mdomo wake. Alikuwepo kitini siku ile, alijua kila kitu, na hakulitaja hata mara moja.

Bwana Mihayo aliandika barua Mwanza na kupeleka damu ya Iddi kupimwa. Majibu yalichukua muda mrefu mpaka tukadhani kichupa kilimwagika njiani. Yalipokuja yaliandikwa na daktari wa damu, mtu muungwana, aliyeeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba huu ni ugonjwa wa nadra uitwao hemofilia, damu inakosa kitu kimoja cha kuigandisha, na kwamba mama huubeba bila kuugua, mtoto wa kiume ndiye huugua. Bwana Mihayo aliisoma mara tatu. Akasema, "Vero, kumbe mtu anaweza kuwa mzima wa kuendesha baiskeli na jino likamuua." Wiki ile ile aliuchukua ule muhuri wa karani akaufungia kabatini. Hakusema kwa nini, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama alijua nilidanganya. Nadhani alijua.

Habari ya kwamba ugonjwa unatoka kwa mama ilimfikia Bi Tausi, na Bi Tausi alipanda treni mpaka Mpanda akaifikisha kwa kaka yake, pamoja na ile ya kwamba mama mtu aliulizwa ndani akakana. Talaka ililetwa na kijana wa ukoo, karatasi imekunjwa mara nne. Nilikuwepo. Mama Iddi hakujua kusoma vizuri, akanipa mimi nimsomee, na nilimsomea, karatasi iliyosema kwamba mwanamke huyu alimficha mumewe na akamficha daktari. Nilifika kwenye neno daktari nikasimama. Akaniambia, "Maliza." Nikamaliza. Akaichukua, akaiweka chini ya godoro, akaniuliza kama Iddi ameshapewa uji. Ningeweza kuvaa viatu jioni ile nikaenda kwa Sista. Palikuwa karibu, si mwendo wa robo saa. Majaribio yangu yalikuwa yamekwisha kupita na nimeshaandikwa kazi. Sikwenda. Nilijiambia jino la kulia bado halijatoka, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepanga hivi. Uongo mtamu ni ule wenye nusu kweli.

Kitu kimoja nilichofanya ni kuuliza. Tangu siku ya lile bakuli sikugusa mgonjwa bila kufunga mlango na kuuliza, na mara ya pili kuuliza kwa namna nyingine. Si una kisukari, ila unaamka mara ngapi kukojoa. Si una moyo, ila ukipanda kilima cha stesheni unapumzika wapi. Watu walinimwagia mambo mpaka nikachoka kuyabeba. Mwalimu mmoja fizi zilimvimba zikafunika meno, kumbe anakunywa dawa za kifafa ambazo hata mkewe hazijui. Mama mmoja alikuwa na mlango wa moyo uliolegea tangu utoto, asipopewa dawa kabla ya kung'olewa angeweza kupata maradhi ya moyo kwa ajili ya jino. Foleni ikawa ndefu, wenzangu wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Jino la kulia liliamka baada ya mvua za kwanza. Asubuhi moja Iddi alifungua mlango na shavu limejaa, jicho limeanza kufumba, na homa juu. Tulimpa dawa za kupunguza usaha, lakini daktari wa Mwanza kwa simu alisema msingoje, usaha ukishuka shingoni mtampoteza kwa njia nyingine. Atatutumia mifuko ya yale maji ya manjano ya damu, yenye kitu anachokikosa Iddi, imegandishwa na kuwekwa kwenye kasha la barafu, kwa treni ya Mwanza. Tukaambiwa atundikiwe mara kasha likifika, jino litolewe palepale kabla nguvu ya dawa haijapungua, na barafu ikiisha njiani basi tusijaribu. Treni ilichelewa kwa muda wa saa tano. Mama Iddi alikaa stesheni tangu alfajiri, juu ya kifurushi chake, hakunywa hata chai. Mimi nilikwenda na kurudi mara tatu, mara ya mwisho tukakaa wote tukitazama reli. Kasha lilipofika nililifungua pale pale kwenye jukwaa, na barafu ilikuwa imebaki vipande vya kushikika mkononi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka mpagazi mmoja akaniuliza kama ni mzima.

Bwana Mihayo alisema atasimama pembeni. Mama Iddi aliingia, akasimama pale pale aliposimama siku ya kwanza. Maji ya manjano yalikuwa yanaingia mkononi mwa Iddi. Nilifunga mlango, nikachukua karatasi, nikamuuliza Mama Iddi maswali yote, moja baada ya jingine, ingawa majibu yote nilikuwa nayo kwa moyo. Nikauliza kama kuna mtu wa kwao ambaye damu yake haikatiki. Akasema yupo, huyu hapa. Nikauliza na wengine. Akataja kaka yake, akamtaja na mjomba.  Nikaandika. Kisha nikatoa lile jino taratibu sana, nalipembeleza, sikuchana hata unywele wa fizi, nikashona nyuzi mbili, nikaweka gozi lililolowekwa dawa ya kuzuia damu, na nikakaa mbele yake saa nzima nikitazama kona ya mdomo wake. Siku kumi alikunywa uji wa baridi na kunung'unika. Siku ya kumi na moja alitema mate meupe kwenye lile bakuli, na mama yake akachukua sahani, akala wali wote uliokuwepo, ndiyo mara ya kwanza kumwona anashiba.

Wakarudi Kaliua. Sina sababu ya maana ya kueleza kwa nini sikusema baadaye. Mwanzoni nilisema nikipata uhamisho, kisha nikisomesha mdogo wangu, kisha nikistaafu. Iddi alikuwa anakuja kila mara ninapomwita, nikimtazama meno kama mtu anavyotazama mboni ya jicho lake, na mama yake akanitumia michembe na salamu. Kutoka kwa Iddi nilisikia kwamba kwenye harusi za ukoo Bi Tausi hali chakula alichopika mama yake. Kwamba msichana mmoja wa upande wa baba alipochumbiwa, Mama Iddi aliombwa asionekane. Nilisikia, nikasema loh, nikamwambia afungue mdomo.

Niliwasili Kaliua siku ya tatu ya msiba. Iddi alikuwa ameketi nje na wanaume, karibu sitini sasa, goti moja limekakamaa kwa sababu ya damu iliyovujia ndani miaka mingi. Akainuka akanipokea mkoba, akanipeleka pembeni ya nyumba penye pipa la maji. Nikamwambia nilichopaswa kusema, kwamba siku ile sikumuuliza mama yake, kwamba nilidanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu tu.

"Dada, mimi nilikuwepo kitini," akasema. "Mimi najua. Mama alinikataza, na amekufa akiwa amenikataza. Nikisema leo mimi, wataona namsafisha mzazi wangu. Wewe ndiye unayeweza. Shangazi yuko ndani, amekuja kwa ajili yangu."

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta. Bi Tausi alikuwa ameegemea mto, mzee kabisa, macho yamefifia lakini masikio mazima. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mimi nani. Nikamwambia ni yule binti wa meno.  Nilisema kwa sauti ili wa mlangoni nao wasikie, kwamba Mama Iddi ndani hakuulizwa na mtu, kwamba nilisema uongo ofisini kwa kuogopa kufukuzwa, na yeye akauitikia ili mtoto wake apate wa kumtibu jino lililobaki. Nilisema alikuwa tayari kusema siku ile, alisimama akingoja, mimi sikumuuliza.

 Mtu akaanza kunisema vibaya kule nyuma, akanyamazishwa.

"Kwa hiyo hakukana," akasema Bi Tausi.

"Hakukana, mama."

Akatafuta kitu kwa mkono juu ya mkeka, nadhani leso, hakukipata. "Mimi ndiye niliyepanda treni," akasema. "Kaka yangu hakutaka kumwacha. Mimi ndiye niliyemwambia, huyo mwanamke aliulizwa." Akavuta ushungi mpaka ukamfunika uso, na walipoleta chakula akakataa sahani yake.